Megawati 3 za paneli si megawati 3 za jenereta

SWALI: Niko kwenye kamati ya nishati ya kisiwa chetu. Umeme wote unatokana na jenereta za dizeli. Tunatumia wastani wa megawati 2, na matumizi hupanda hadi 3 kwenye saa mbili usiku. Kampuni moja inataka kutufungia paneli za megawati 3 bila betri, na inaahidi kwamba jenereta zitazimwa siku ya uzinduzi. Tukubali?

JIBU: Msikubali. Ahadi hii nakutana nayo kila mara, na inaniudhi kwa sababu anayeitoa anajua fika kwamba haitekelezeki.

Jenereta ya megawati 3 ikiwa na mafuta inakupa megawati 3 saa yoyote unayozitaka. Paneli za megawati 3 hukaribia kiwango hicho adhuhuri, siku isiyo na wingu. Katika nchi za joto, megawati moja ya paneli huzalisha kama megawati-saa 4 hadi 5 kwa siku (megawati-saa moja ni megawati moja ikitolewa kwa saa nzima). Zenu zitatoa 13 hivi, nanyi mnahitaji 48. Na saa mbili usiku, mnapohitaji umeme kuliko wakati mwingine wowote, zitatoa sifuri. Hata mkiziongeza mara nne, bila betri sifuri hiyo haibadiliki.

Giza la usiku angalau kila mtu analiona. Wauzaji hawasemi yanayotokea mchana. Chukua saa sita: kati ya megawati 2 mnazotumia, paneli zinabeba 1.5, na jenereta moja yenye uwezo kama huo inabeba nusu megawati, karibu na asilimia 30 ya uwezo wake. Injini nyingi za dizeli hazitakiwi kukaa muda mrefu chini ya hapo. Wingu linapita juu ya paneli, na kabla dakika haijaisha megawati nzima imepotea. Kwenye gridi kubwa ya bara pengo hilo linagawanywa kwa mitambo mingi na hakuna anayelihisi. Kisiwani, jenereta hiyo moja inatakiwa iruke ghafla hadi mwisho wa uwezo wake. Ikichelewa, masafa ya umeme, yaani idadi ya mapigo yake kwa sekunde, yanashuka kutoka hezi 50 hadi 49, kisha 48. Relei, yaani swichi za ulinzi, zinakata laini moja baada ya nyingine, na inveta za paneli (vifaa vinavyogeuza umeme wa paneli uwe wa gridi), zikiona masafa yametoka nje ya mipaka yake, zinajizima. Kisiwa kizima hakina umeme, na jua liko palepale.

Jenereta zote zikizimwa ni vibaya zaidi. Inveta za kawaida hufuata volteji na masafa ya gridi zinayoikuta. Zisipokuta gridi hazitoi kitu. Mnahitaji inveta zinazounda gridi zenyewe, na nyuma yake betri.

Waulizeni waliofanikiwa. Kisiwa cha Ta'u, Samoa ya Marekani, kilifungiwa paneli za megawati 1.4 mwaka 2016, pamoja na betri za megawati-saa 6. Betri ndizo zinazokiwezesha kuupita usiku. Tokelau, ambayo tangu 2012 inategemea jua kwa sehemu kubwa ya umeme wake, iliweka betri kwenye atoli zote tatu na ikabakiza jenereta za akiba. El Hierro, huko Visiwa vya Kanari, ina mitambo ya upepo na mabwawa ya kupandishia maji ili yazalishe umeme yakishuka, na bado huwasha dizeli upepo ukilegea.

Mimi nataka visiwa viachane na dizeli, tena upesi. Ndiyo maana nawachukia wauza paneli wa aina hii: mradi mmoja ukianguka, wananchi wanaacha kuliamini jua lenyewe, na serikali inarudi kuagiza mafuta. Ukisikia mtu anataja megawati bila kutaja megawati-saa, anauza vioo. Muulizeni pia nani atabadilisha inveta zikiliwa na chumvi ya bahari, kwa maana paneli hudumu miaka 25 na zaidi lakini inveta mara nyingi hazifiki huko, na kama za akiba zitakuwa ghalani kisiwani au zitasubiri meli.

Nyinyi anzeni na paneli za megawati 1 na betri yenye inveta ya kuunda gridi, kisha mpanue mkiona inavyokwenda. Mkatabani andikeni kwamba malipo ya mwisho hayatatoka mpaka kampuni izime jenereta zote mchana wa mawingu, wahandisi wenu wakishuhudia, na umeme usikatike.