Majike hawashiki mimba: mchunguze dume kwanza

Swali: Nina sungura majike 9 wanaopandwa na dume mmoja. Tangu joto kali lilipopungua mwezi uliopita, dume huyo anapanda kama kawaida, lakini majike wengi hawashiki mimba, waliozaa wametoa vitoto 3 tu, na wawili walijinyonyoa manyoya na kutandika kiota siku ya 17, kisha hawakuzaa. Je, niwauze?

Jibu: Usiwauze bado, kwa kuwa dalili ulizozieleza zinamwelekea dume kuliko majike. Mayai ya sungura hutoka kwenye ovari saa 10 hadi 12 hivi baada ya jike kupandwa, na kinachoyachochea ni tendo lenyewe, wala si ubora wa shahawa. Kwa hiyo dume mwenye mbegu dhaifu akimpanda, mayai hutoka bila kurutubishwa, na mwili wa jike huweza kujiendesha kana kwamba umebeba mimba kwa siku 16 hadi 18. Hapo ndipo hujinyonyoa manyoya, na mfugaji humlaumu yeye ilhali mwili wake umefanya kazi barabara.

Hamu ya kupanda nayo haithibitishi kitu. Joto linalozidi nyuzi 30 kwa siku mfululizo hupunguza idadi ya mbegu, huzidhoofisha mwendo na kuongeza zile zenye maumbile mabovu, hata kama uchu wa dume haujapungua. Na mbegu nzima zikiwa chache, uzao nao huwa mdogo. Tena, kwa kuwa mbegu huchukua siku 50 hivi kuundwa kwenye korodani, na siku kadhaa zaidi kukomaa, madhara ya mwezi uliopita hayaondoki kwa sababu tu hewa imepoa. Mpe miezi miwili katika banda lenye kivuli, maji safi wakati wote na chakula kamili, maana upungufu wa vitamini A au E pia huharibu mbegu.

Wakati huohuo, pandisha majike watatu kwa dume mwingine mwenye afya aliyezalisha karibuni, na uwapapase tumbo siku ya 12 hadi 14; wakishika mimba, umepata jibu. Daktari wa mifugo mwenye darubini anaweza pia kuitazama shahawa: nyeupe kama maziwa ni ya kawaida, ya manjano mara nyingi imechanganyika na mkojo, ambao huua mbegu. Dume wako akirudi kazini, mara 3 au 4 kwa wiki zinamtosha. Asipobadilika baada ya miezi mitatu, basi muuze yeye.