Blanketi halitoki kwa kuongeza trebo

Kaka, umeuliza frikwensi, geini na Q za ekwalaiza, kile chombo cha kusawazisha sauti, ni nini, na kwa nini kila ukivizungusha vitufe hivyo mwimbaji wako anazidi kusikika kama yumo ndani ya mtungi. Nimepita hapo. Nina kistudio cha chumba kimoja hapa Majengo, na mwaka wa kwanza niliharibu kazi za watu kwa vitufe hivi hivi.

Frikwensi ni mahali unapogusa. Sikio la binadamu husikia kuanzia hezi (mitetemo kwa sekunde) 20 hadi 20,000, besi zikiwa chini na matoazi juu. Geini ni kiasi unachopunguza au kuongeza pale, kwa desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti. Q ni upana wa eneo ulilolishika, na namba yake huenda kinyume: Q ikiwa kubwa, eneo huwa jembamba. Ukisimama hezi 1,000 na Q ya 1, umeshika upana wa kama hezi 1,000. Ukiweka Q ya 10, umeshika 100 tu. Na kile kichujio kiitwacho hai-pasi hupitisha vya juu, huzuia vya chini. Ukiielewa kinyume utabaki na mngurumo mtupu.

Sasa nikwambie kilichonifunza. Alikuja mama mmoja mwimbaji wa taarab, joto la Machi, panka tukaiwacha ikizunguka maana bila yake hakukaliki mle ndani. Mama alizoea jukwaa, maiki anaimeza. Maiki zinazoshika sauti ya upande mmoja ukizisogelea hivyo hujiongezea besi zenyewe. Sauti ikawa nzito, mimi nikadhani imekosa mng'ao, nikaongeza trebo, yaani sauti za juu, desibeli 8 kuanzia hezi 5,000 kwenda juu. Uzito ukabaki pale pale, na kila "s" ikawa inachoma. Aliposikiliza akaniambia, "Mwanangu, mbona waniimbisha na blanketi kichwani na nyoka mdomoni?"

Usiku nikafuta yote. Kwanza hai-pasi kwenye hezi 90, mngurumo wa panka ukapungua, na ule uvumi wa umeme pia, kwani stima yetu Kenya ni ya hezi 50. (Haukwisha wote. Mwingine hukaa 100.) Mama hakuwa na noti ya chini hivyo, kwa hiyo sauti yake haikuguswa. Kisha nikashusha sauti ya spika, nikachukua kichujio cha umbo la kengele, kile kinachogusa eneo moja tu, Q ya 4, geini nikaipandisha makusudi, nikaburuta frikwensi polepole kutoka 150 kwenda juu. Karibu na 310, neno "moyo" likalia buuu, kama mtu aliyeingiza kichwa kwenye tangi. Hapo hapo nikaigeuza geini, nikatoa desibeli 4. Blanketi likatoka. Huko juu sikuongeza zaidi ya desibeli moja na nusu.

Lakini usiburute ovyo. Frikwensi yoyote ukiipandisha hivyo itakuudhi, na utajikuta umetoboa matundu kumi kwenye sauti isiyo na kosa. Sikiliza kwanza mikono ikiwa mapajani, ujue unatafuta nini.

Jambo jingine: usimsawazishe mwimbaji peke yake, vyombo vingine vimezimwa. Yule mama peke yake alisikika vizuri kabisa. Kodiani ilipoingia, maneno yakapotea. Sikumwongeza yeye. Nilipunguza kodiani desibeli 2 hivi karibu na hezi 2,500, na shairi likasikika. Halafu ukilinganisha kabla na baada, hakikisha ukubwa wa sauti ni ule ule, kwani kitu kikiongezeka kidogo tu sikio hudhani kimekuwa kizuri. Mimi nilijidanganya hivyo miezi.

Kwa hiyo rudisha geini zako zote sifuri, kisha uniambie mwimbaji wako alisimama umbali gani na maiki. Nashuku kosa liko pale, wala si kwenye ekwalaiza. Kama bado mko naye karibu, mwite arudie akiwa shubiri moja kutoka kwenye maiki, na panka izimwe hizo dakika nne za kurekodi.