Jibu: Kihisi cha fiba cha kupima mkondo wa umeme, namba zinahama kila fiba ikiguswa

Mkuu, umesema kihisi chako kinasoma vizuri, ila mtu akigusa fiba au chumba kikipata joto namba zinahama, na sasa unataka leza yenye nguvu zaidi. Usinunue kwanza. Nimefanya kazi na vihisi hivi kwa muda, na dalili hizo ni za fiba yenyewe, yaani uzi wa kioo unaopitisha mwanga wa leza ukiuzunguka waya.

Kata umeme kwenye waya unaoupima, kisha zungusha taratibu polaraiza ya kutokea (kichujio kinachopitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu) huku ukitazama fotodaiodi, yaani kipima mwanga. Kama mwanga bado unatikisika kwenye mstari mmoja, kuna mahali utazimika karibu wote. Ukimaliza mzunguko mzima bila mwanga kufifia sana, ujue mtikisiko wake umeshakuwa duaradufu, na kuongeza nguvu ya leza hakubadilishi umbo hilo.

Chanzo ni mkunjo wa fiba kwenye koili, yaani maduru yake kuuzunguka waya. Mwaka 1845 Faraday aligundua kwamba usumaku huzungusha polaraizesheni (upande ambao mwanga unatikisika) ya mwanga unaopita kwenye kioo, na mzunguko huo, unaoletwa na usumaku wa mkondo, ndio unaoupima. Ni mdogo mno: kwa leza nyekundu ya nanomita 633, silika, yaani kioo cha fiba, hutoa takriban mikroradiani 4.6 kwa kila ampea kwa kila duru la fiba. Ampea 1000 na maduru 20 vinakupa kama digrii 5 tu. Fiba iliyokunjwa sana inaweza kuvuruga zaidi ya hapo, kwa sababu kioo kilichobanwa hupitisha mwanga unaotikisika upande mmoja kwa kasi tofauti na ule wa upande mwingine. Ukipunguza nusu-kipenyo cha koili kwa nusu, uvurugaji kwa kila mita unakuwa mara nne!

Kwa hiyo panua koili bila hofu. Kinachohesabika ni idadi ya maduru, si upana wake, mradi mwanzo na mwisho wa koili vikutane mahali pamoja. Visipokutana, waya za jirani zitaingia kwenye kipimo chako. Kipande cha kutoka polaraiza ya kuingilia hadi kwenye koili kiwe kifupi na kigundishwe mezani, maana mara nyingi hicho ndicho kinachoguswa.

Halafu sokota fiba unapoizungusha. Msokoto nao huzungusha polaraizesheni, na ukiwa mkali kuliko athari ya mkunjo unaifunika. Wapo wanaooka koili ili kioo kilegee. Inasaidia kweli, lakini fiba inabaki dhaifu, siipendi kwa kifaa cha kushikwashikwa.

Fotodaiodi moja haitoshi. Tumia prizimu inayotenganisha mwanga kuwa miali miwili, iliyowekwa digrii 45, kila mwali na fotodaiodi yake, kisha gawanya tofauti ya namba za fotodaiodi hizo mbili kwa jumla yake. Hapo kupanda na kushuka kwa leza kunajifuta. Ila fanya hivyo baada ya koili kutulia, kwani mkunjo hauponi kwa hesabu.

Kila ukibadilisha kitu rudia jaribio la polaraiza na uandike mwanga wa juu na wa chini. Ziweke namba hizo hapa pamoja na kipenyo cha koili, tuendelee.