Kemia na biolojia ni somo moja: fuata chaji

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwasaidia wanafunzi wanaoanza masomo ya sayansi ya uhai: wa uuguzi, famasia, maabara, kilimo, tiba ya mifugo. Karibu wote huja na madaftari mawili yasiyojuana. La kemia limejaa hesabu za moli na jedwali la elementi. La biolojia lina mchoro wa seli wenye mishale na majina ya kukariri. Mwanafunzi atakutajia kazi ya mitokondria bila kusita, lakini ukimwuliza kwa nini utando wa seli una matabaka mawili na si moja, ananyamaza.

Ushauri wangu ni kwamba kabla ya kukariri sehemu yoyote ya seli, jifunze jinsi chaji ya umeme inavyokaa ndani ya molekuli. Ukilielewa hilo, mambo mengi ya muhula wa kwanza utaweza kuyafikia kwa kufikiri, na utabakiwa na machache tu ya kukariri.

Anza na maji, wala usiyaharakishe. Molekuli ya maji ina atomi moja ya oksijeni na mbili za haidrojeni. Oksijeni huvuta elektroni kwa nguvu zaidi: kwenye kipimo cha Pauling ina 3.44, haidrojeni ina 2.20. Kwa hiyo elektroni wanazochangia hukaa zaidi upande wa oksijeni. Upande huo unakuwa na chaji hasi kidogo, na zile haidrojeni mbili zinabaki na chaji chanya kidogo. Jambo la pili ambalo wengi hulipita ni umbo. Molekuli ya maji imepinda, pembe yake ni nyuzi 104.5, na kwa sababu hiyo chaji hizo hazifutani. Ilinganishe na kaboni dioksidi. Humo pia oksijeni zinavuta elektroni, lakini molekuli imenyooka, mvuto wa upande huu unafutwa na mvuto wa upande ule. Chora zote mbili kwa mkono wako, uweke alama za chanya na hasi. Usiridhike kuzitazama kitabuni.

Upande hasi wa molekuli moja ya maji huvutana na upande chanya wa nyingine. Huo ndio tunauita bondi ya haidrojeni, nayo ni dhaifu: kuivunja huhitaji takribani kilojuli 20 kwa moli, ilhali bondi yenyewe kati ya oksijeni na haidrojeni huhitaji kama 460. Lakini bondi hizo dhaifu zikiwa nyingi hufanya kazi kubwa. Haidrojeni salfaidi ina molekuli nzito karibu mara mbili ya maji, na bado huchemka kwenye nyuzi 60 chini ya sifuri. Maji huchemka kwenye 100. Bila mvutano huo, maji yangekuwa gesi kwenye joto la kawaida na uhai tunaoujua usingekuwepo.

Sasa rudi kwenye lile swali la utando. Mafuta yametengenezwa kwa minyororo ya kaboni na haidrojeni, na tofauti ya mvuto kati ya atomi hizo mbili ni ndogo, 2.55 kwa 2.20, kwa hiyo hakuna upande wenye chaji ya maana. Maji hushikana yenyewe kwa yenyewe, na mafuta yanaachwa nje ya mshikamano huo. Molekuli za utando, yaani fosfolipidi, zina kichwa chenye fosfati iliyobeba chaji na mikia miwili ya mafuta. Ndani ya seli kuna maji na nje kuna maji. Vichwa vinataka maji, mikia haina pa kukaa isipokuwa katikati, ikielekeana. Tayari una matabaka mawili, na hukukariri chochote.

Endelea kidogo tu utaona kinachopita na kisichopita. Oksijeni na kaboni dioksidi, zisizo na chaji na ndogo, hupenya zenyewe. Ioni ya sodiamu, yaani atomi ya sodiamu yenye chaji, hata ingawa ni ndogo sana, haiwezi kuvuka ukanda wa mafuta kwa sababu ya chaji yake. Inahitaji mlango wa protini. Glukosi nayo ni kubwa, na ina sehemu nyingi zinazopenda maji, hivyo inahitaji protini ya kuipokea na kuipitisha. Orodha ndefu ya usafirishaji kwenye utando, ile inayowatesa wanafunzi usiku wa mtihani, imetoka zaidi kwenye swali moja: chaji iko wapi?

Mfano unaonigusa kuliko yote ni selimundu. Himoglobini ni protini inayobeba oksijeni kwenye damu, na kila mnyororo wake wa beta una asidi amino (vipande vinavyojenga protini) 146. Kwa mwenye selimundu, ya sita imebadilika: mahali pa asidi ya glutamiki, yenye chaji hasi, pamekaa valini, ambayo haina chaji na hukimbia maji. Mahali penyewe pako juu ya uso wa protini. Himoglobini ikishaachia oksijeni, doa hilo linalokimbia maji hupata pa kujificha kwenye himoglobini ya jirani, nayo hushikana na nyingine, hadi zinajipanga kuwa nyuzi ndefu zinazoipinda seli nyekundu ya damu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionesha kuwa himoglobini ya wagonjwa husafiri tofauti kwenye uga wa umeme, ishara kwamba chaji yake si ileile. Miaka michache baadaye Vernon Ingram akaonesha kuwa tofauti ni asidi amino moja tu. Maumivu, upungufu wa damu, kuziba kwa mishipa midogo: vyote vinaanzia kwenye chaji moja iliyopotea. Ninapofika hapa darasani, wale waliokuwa wakidhani kemia ni kikwazo cha kuvuka tu huanza kuuliza maswali.

Mada inayokimbiwa kuliko zote ni moli. Watu huichukulia kama hesabu ya kupitia mtihani. Moli ni idadi tu, kama dazeni ilivyo idadi, ila hii ni kubwa mno: 6.022 × 10²³. Mwanabiolojia anaihitaji kwa sababu osmosi, yaani maji kupita kwenye utando kuelekea palipo na chembe nyingi zilizoyeyuka, huhesabu chembe, haipimi uzito. Chukua dripu mbili zinazotumika hospitalini kila siku. Ya chumvi ina asilimia 0.9, yaani gramu 9 kwa lita. Ya glukosi ina asilimia 5, gramu 50 kwa lita. Zote mbili huingia kwenye mshipa bila kupasua seli nyekundu wala kuzikausha. Inawezekanaje, ikiwa moja ina gramu mara tano na zaidi ya nyingine?

Fanya hesabu. Moli moja ya chumvi ina gramu 58.5, kwa hiyo gramu 9 ni moli 0.154. Lakini chumvi haikai nzima ndani ya maji. Pande hasi za molekuli za maji huizunguka sodiamu, pande chanya huizunguka kloridi, zinatenganishwa. Kila moja imekuwa chembe mbili, jumla 0.308. Glukosi ina gramu 180 kwa moli, na gramu 50 ni moli 0.278. Hii haigawanyiki, kwa sababu atomi zake zimeunganishwa kwa bondi za kovalenti ambazo maji hayazivunji. Maji ya damu yana takribani moli 0.29 za chembe kwa lita. Dripu zote mbili ziko jirani na hapo. (Baadaye seli huitumia glukosi na maji hubaki peke yake, ndiyo maana tabibu hazichukulii dripu hizi kuwa kitu kimoja.) Ukiweza kulieleza hili kwa maneno yako mwenyewe, umeelewa moli, osmosi na kuyeyuka kwa mkupuo mmoja.

Kuhusu pH, yaani kipimo cha uasidi kinachotokana na wingi wa ioni za haidrojeni, jambo la kushika ni kwamba kila hatua moja ni mara kumi. Søren Sørensen alipoianzisha kule Copenhagen mwaka 1909 alitaka njia fupi ya kuandika namba ndogo sana, na ufupi huo huwaficha wanafunzi ukubwa wa mabadiliko. Damu hukaa kati ya 7.35 na 7.45. Ikishuka kutoka 7.4 hadi 7.1 inaonekana kitu kidogo, kumbe ioni za haidrojeni zimeongezeka karibu maradufu. Na ioni hizo zikizidi hujibandika kwenye sehemu hasi za protini, zinafuta chaji, umbo linabadilika, kimeng'enya kinashindwa kazi. Chaji tena.

Kuna sentensi moja ninayokuomba uifute kichwani: kwamba bondi ya ATP (molekuli inayobeba nishati ndani ya seli) ikivunjika hutoa nishati. Kuvunja bondi hugharimu nishati, siku zote, bondi yoyote. Nishati hupatikana pale ambapo bondi mpya zinazoundwa, na hali mpya ya molekuli, ni tulivu kuliko za mwanzo. ATP ina fosfati tatu zilizopangwa mfululizo, zote zina chaji hasi, zinasukumana. Maji yakiingia na kuitenga fosfati ya mwisho, msukumano unapungua na vipande vinavyobaki vinatulia zaidi. Kwa vipimo vya kawaida vya maabara tofauti hiyo ni takribani kilojuli 30.5 kwa moli. Mwanafunzi anayeshika maelezo haya mapema hatababaika atakapofika kwenye upumuaji wa seli, ambako anayekariri hupotea kabisa.

Ukishazoea kuuliza chaji iko wapi, ongeza swali la pili: atomi hii imetoka wapi na imekwenda wapi? Jan Baptist van Helmont alipanda mti kwenye chungu cha udongo uliopimwa, akaumwagilia kwa miaka 5. Mti uliongezeka takribani kilo 74, udongo ukapungua gramu zisizofika hata 60. Yeye alihitimisha kuwa mti wote umetokana na maji. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1648, wakati haikujulikana kwamba kaboni ya mti inatoka hewani, kwenye kaboni dioksidi. Waulize wanafunzi wa leo mbao zimetokana na nini, wengi watasema udongo. Waulize mtu akipungua mafuta mwilini, mafuta hayo yamekwenda wapi, watasema yamegeuka joto. Atomi hazigeuki joto. Kaboni yote ya mafuta hayo hutoka kwa pumzi.

Sisemi usikariri kabisa. Idadi ya bondi lazima iwe kichwani: kaboni 4, naitrojeni 3, oksijeni 2, haidrojeni 1. Elementi hizo nne zenyewe ni kama asilimia 96 ya uzito wa mwili wa binadamu. Kisha makundi manne ya atomi na tabia zake kwenye pH ya karibu 7: kaboksili ina chaji hasi, amino ina chaji chanya, fosfati ina chaji hasi, haidroksili haina chaji kamili lakini inavutana na maji. Jedwali zima la elementi liache ukutani, utalitazama ukilihitaji.

Halafu jipime kabla ya kusonga mbele. Tafuta michoro ya lisini na fenilalanini. Ya kwanza ina mkia unaoishia na kundi la amino, ya pili ina pete ya kaboni. Funika maelezo yaliyo chini ya michoro, useme ni ipi itakaa nje ya protini ikigusana na maji, ipi itajificha ndani, na kwa nini. Ukikwama, rudi kwenye mchoro wa maji na uweke chaji upya. Ukipata, fungua sura ya vimeng'enya.