Mama alijibu "ndiyo" mahakamani. Je, amesikilizwa?

SWALI: Wakili, habari za kazi. Mimi ni msaidizi wa kisheria. Namsaidia mama mwenye ulemavu wa akili wa kiwango kidogo. Anasoma kwa kuhangaika na sentensi ndefu humpotea. Mtoto wake wa miaka miwili alichukuliwa akiwa mchanga, analelewa na familia nyingine, na sasa familia hiyo imefungua maombi ya kumwasili, yaani awe mtoto wao kisheria. Mama alisaini hati ya ridhaa kwa afisa ustawi wa jamii. Anasema aliambiwa ni karatasi ya kumsaidia mtoto. Kikao cha kwanza alisimama peke yake. Jaji akamuuliza kama ameelewa, akajibu ndiyo, na shauri likapangiwa tarehe ya kusikilizwa. Je, hapo amepewa haki ya kusikilizwa? Niombe nini, na kwa njia gani? Wenzangu wanasema nikileta mapingamizi namchelewesha mtoto.

JIBU: Bado hajasikilizwa. Nashukuru umeuliza kabla ya amri kutolewa, kwa sababu amri ya kuasili ikishatoka, kuirudisha nyuma karibu haiwezekani. Mwaka 2009 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilikataa kufuta amri za kuasiliwa kwa watoto watatu, ingawa ushahidi mpya wa kitabibu ulionyesha kwamba mifupa ya mmoja wao huenda ilivunjika kwa upungufu wa vitamini C na si kwa mikono ya wazazi. Huenda wazazi wale walionewa tangu mwanzo. Lakini watoto walishakaa na familia zao mpya kwa miaka, na mahakama haikuwa tayari kuwang'oa tena. Kwa hiyo yote ninayokuandikia hapa yafanyike kabla ya tarehe mliyopangiwa.

Tuanze na ile "ndiyo". Anayefanya kazi na watu wenye ulemavu wa akili anaifahamu: mara nyingi ni jibu la kumaliza mazungumzo. Mtu aliyechekwa tangu utotoni kwa kutoelewa hujifunza kuficha, na njia nyepesi ya kuficha ni kukubali. Ndani ya chumba ambacho kila mtu anajua pa kukaa isipokuwa yeye, angejibu nini kingine? Uelewa hupimwa kwa kumwomba mtu aeleze kwa maneno yake. Muulize: amri hii ikitolewa, mtoto atakuwa wa nani? Utaweza kumchukua tena? Akijibu "nitamchukua nikipata kazi", hajaelewa kitu, hata kama aliitikia ndiyo mara kumi. Fanyeni mazungumzo hayo mbele ya mtu wa tatu, majibu yaandikwe neno kwa neno, na huyo wa tatu ndiye aape hati ya kiapo. Usiape wewe, ukishakuwa shahidi, upande wa pili unaweza kudai usiendelee kumsaidia.

Hati ya ridhaa ni jambo jingine, na nadhani ndipo penye nguvu yenu kubwa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 21(a), unataka ridhaa ya kuasili itolewe na mtu anayejua anachokubali, baada ya kupewa ushauri nasaha pale unapohitajika. Mkataba wa Hague wa 1993, kifungu cha 4, unakwenda mbali zaidi: mzazi awe ameelezwa matokeo ya ridhaa yake, hasa kama itakata uhusiano wa kisheria kati yake na mtoto, aitoe kwa hiari, kwa maandishi, bila kulipwa, na mama asiitoe kabla ya kujifungua. Mkataba huu unahusu watoto wanaoasiliwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, lakini hakuna ubaya kumwonyesha jaji kipimo hicho hata katika shauri la ndani. Uliza kwa barua: nani alikuwepo siku ya kusaini, hati ilisomwa kwa lugha gani, iliachwa kwake kwa siku ngapi, alikuwa anatumia dawa gani. Ofisi ikishindwa kujibu maswali hayo, saini ile inabaki wino tu. Angalia pia sheria ya nchi yako inaruhusu ridhaa kuondolewa hadi hatua gani. Kama dirisha bado liko wazi, tangazo la kuiondoa liingie kwa msajili leo, hoja ndefu zifuate baadaye.

Sasa kuna mtego. Ukisema mama hakuelewa ridhaa, upande wa pili utajibu haraka: basi hana uwezo, ateuliwe mtu wa kumsemea, na asiyeelewa karatasi atalea vipi mtoto? Hapo maswali matatu yamefungwa fundo moja na kazi yako ni kulifungua. Kuna uwezo wa kuridhia kuasiliwa kwa mtoto. Kuna uwezo wa kumpa wakili maelekezo. Kuna uwezo wa kulea. Mtu anaweza kukosa wa kwanza siku aliyoletewa karatasi bila maelezo, akawa nao wiki mbili baadaye alipoelezwa kwa picha na kwa lugha nyepesi. Na mtu anayeshindwa kusoma hati ya kurasa nane anaweza kujua vizuri kabisa mtoto wake akiwa na homa afanye nini. Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006 umesema katika kifungu cha 23(4) kwamba mtoto asitenganishwe na mzazi kwa sababu ya ulemavu, uwe wa mtoto au wa mzazi. Kifungu cha 13 kinadai utaratibu wa mahakama urekebishwe ili mtu mwenye ulemavu ashiriki kikamilifu. Katika Kutzner dhidi ya Ujerumani, 2002, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua shauri la wazazi waliodaiwa kuwa na akili isiyotosha kulea mabinti zao wawili, ikasema kwamba mtoto kuweza kupata mazingira mazuri zaidi kwingine hakutoshi peke yake kumtoa kwa wazazi.

Akiteuliwa mtu wa kumsemea mama, usilale. Nimeona wawakilishi wa aina hiyo wakikubali maombi kwa niaba ya mzazi anayepinga, kwa nia njema kabisa, kwa kuwa wanaona kesi ni dhaifu. Upande wa pili watakutajia R.P. na wenzake dhidi ya Uingereza, 2012, ambapo Mahakama ya Ulaya haikuona kosa katika uteuzi kama huo kwa mama mwenye ulemavu wa akili. Isome mwenyewe: ilichopima humo ni kama mama alikuwa na njia ya kweli ya kupinga uteuzi, na kama msimamo wake ulifika mbele ya jaji. Omba hayo mawili yaandikwe kwenye mwenendo wa shauri.

Kuhusu wakili, usikubali kuambiwa kwamba jaji mwenyewe atamlinda. Shauri linalofanana na lenu kuliko yote niyajuayo ni A.K. na L. dhidi ya Kroatia, Januari 2013. Mama mwenye ulemavu mdogo wa akili na msamiati finyu alivuliwa haki za mzazi bila wakili, kisha mtoto akaasiliwa bila yeye kujulishwa. Mahakama ya Ulaya ilisema haki yake ya maisha ya familia ilivunjwa. Kabla ya hapo, mwaka 2002, katika P., C. na S. dhidi ya Uingereza, mama alibaki bila wakili katikati ya shauri gumu la mtoto aliyechukuliwa siku ya kuzaliwa. Jaji alikataa kuahirisha, mama akajitetea mwenyewe, na wiki moja tu baadaye ikasikilizwa hatua ya kumweka mtoto huru kwa kuasiliwa, yaani bila kuhitaji tena ridhaa ya wazazi. Mahakama ya Ulaya ilikubali kwamba mashauri ya watoto yanahitaji kwenda haraka, ila haikuona kwamba haraka hiyo ilihalalisha kuendelea bila msaada wa kisheria. Hilo ndilo jibu la kuwapa wenzako.

Kama nchi yenu haiko chini ya mahakama hiyo, maamuzi haya ni ya kushawishi tu. Yatumie hivyo, usiyatangaze kama sheria. Ukihitaji kipimo kinachosafiri vizuri zaidi, chukua kile cha Mahakama ya Juu ya Kanada katika shauri la G.(J.) la 1999. Mama alikuwa anapinga serikali kuendelea kukaa na watoto wake kwa miezi sita zaidi, na alinyimwa msaada wa kisheria. Majaji walitazama uzito wa kinachoamuliwa, ugumu wa shauri, na uwezo wa mzazi mwenyewe, wakasema serikali ilipaswa kumpatia wakili. Ile ilikuwa miezi sita. Kuasili ni maisha yote. Panga ombi lako chini ya vichwa hivyo vitatu, ukurasa mmoja unatosha. Wasitake kukujibu kwa shauri la Lassiter la Mahakama ya Juu ya Marekani, 1981, lililosema wakili si haki ya kila mzazi; hata humo Mahakama ilitaka kila shauri lipimwe kwa hali yake.

Marekebisho ya utaratibu ndiyo sehemu ambayo maombi mengi huharibika, kwa sababu huandikwa kwa jumla: "mama apewe msaada unaofaa". Jaji atakubali, na hakuna kitakachobadilika. Omba kwanza kikao kifupi cha maandalizi, kabla ya shahidi yeyote kupanda kizimbani, cha kukubaliana namna mama atakavyoulizwa. Kisha taja vitu vinavyoweza kuonekana kwa macho. Kila swali libebe wazo moja. Mapumziko yawe kila baada ya dakika kadhaa alizopendekeza mtaalamu aliyempima, bila mama kulazimika kuomba. Nyaraka zifupishwe kwa lugha nyepesi na zimfikie siku kadhaa kabla. Akae karibu na mtu anayemwamini, na kama inawezekana awepo msaidizi wa mawasiliano mwenye ruhusa ya kumkatiza wakili pale swali linapomzidi mama. Aonyeshwe chumba cha mahakama siku ambayo hakuna kesi. Maswali ya dodoso ya kukanusha yapigwe marufuku: "Hukumpeleka kliniki, si ndiyo?" Akijibu "ndiyo", amekiri kwamba hakumpeleka, au anasema alimpeleka? Kwenye kumbukumbu za mahakama jibu hilo linaweza kusomwa vyovyote, na nimeona likisomwa vibaya kwenye rufaa. Kama baba wa mtoto ni mtu aliyewahi kumpiga, omba pazia na mlango tofauti, na asiruhusiwe kumuuliza maswali yeye mwenyewe.

Wazazi wengine dhaifu, mfano binti ambaye mwenyewe bado ni mtoto, mfungwa, au anayetibiwa ugonjwa wa akili, wanahitaji marekebisho tofauti, lakini ombi huandikwa kwa mtindo uleule: tatizo, uthibitisho wake, hatua inayoombwa.

Usisahau ripoti. Shauri la namna hii huamuliwa zaidi na tathmini ya afisa ustawi kuliko na yanayosemwa kizimbani. Uliza mama alipimwa lini, na kwa kutazamwa au kwa fomu. Je, alifundishwa kwanza jinsi ya kufanya jambo, kwa kuonyeshwa na kurudia, kabla ya kuandikiwa kwamba hawezi? Kama ripoti ni ya wakati mtoto ana wiki sita na sasa ana miaka miwili, omba mpya. Mwaka 2019, katika Strand Lobben dhidi ya Norwei, Baraza Kuu la Mahakama ya Ulaya liliona haki imevunjwa kwa sehemu kubwa kwa sababu hiyo: uamuzi wa kuasili uliegemea tathmini iliyopitwa na wakati, na mama alikuwa amepewa nafasi chache mno za kuonana na mtoto. Kwa hiyo omba pia ratiba ya kuonana isiyo ya kubana. Mama anayemwona mtoto mara chache kwa mwaka ataandikiwa kwamba hawana ukaribu.

Juu ya kuchelewa, wenzako wana hoja nusu. Mwaka mmoja kwa mtoto wa miaka miwili ni mrefu sana, na jaji makini atakuuliza unahitaji siku ngapi. Njoo na jibu: wiki kadhaa za kupata wakili, wiki kadhaa za tathmini, tarehe ya kurudi. Ombi lenye kalenda halionekani kama mbinu ya kuvuta muda. Kinachomwumiza mtoto zaidi ni amri inayopiganiwa rufaa miaka miwili huku hajui ataishi wapi.

Umwambie mama ukweli mapema: kusikilizwa kwa haki hakumaanishi atarudishiwa mtoto. Mwaka 2014 nchini Uingereza, jaji mkuu wa mashauri ya familia alikosoa vikali hali ya wazazi wawili wenye ulemavu wa akili walionyimwa wakili wa kulipiwa na serikali, huku mawakili wao wakifanya kazi bure. Wakili mmoja alitakiwa hata kujifunga kubeba mwenyewe gharama ambazo zingemwangukia mwakilishi wa baba. Baadaye wazazi walipata uwakilishi kamili, ushahidi ukasikilizwa wote, na mwaka 2016 jaji huyohuyo akaamua mtoto aende kuasiliwa. Usimwahidi mama zaidi ya hapo.

Wiki hii, basi: barua ya kuomba nakala iliyothibitishwa ya mwenendo wa kikao cha kwanza na ya hati ya ridhaa, ombi la wakili chini ya vichwa vitatu, ombi la kikao cha maandalizi. Na andaa rasimu moja ya kukaa kwenye faili: ombi la kusimamisha utekelezaji wa amri. Kama mambo yatawaendea vibaya, iwasilishwe siku ileile ya hukumu, kabla msajili wa vizazi hajaandika jina jipya la mtoto.