Gego la mwisho limetoka, lakini siku ya tatu maumivu yanapanda

Ukishang'olewa gego la mwisho, kila anayekuja kukupa pole ana lake. Mmoja atakwambia usukutue maji ya chumvi saa hiyo hiyo, mwingine atatazama shavu lako na kusema daktari kakuharibu. Hilo la shavu lilinichosha, maana uvimbe huongezeka mpaka siku ya pili au ya tatu ndipo uanze kushuka. Taya nalo hukaza, hata kijiko kinapita kwa shida. Yote hayo ni kawaida.

Shtuka pale maumivu yaliyokuwa yanapungua yanapogeuka na kupanda. Yangu yalishatulia, nikaanza kula wali laini. Usiku wa siku ya tatu yakarudi yanapiga mpaka sikioni, panadol haioni ndani, na mdomo una harufu isiyoondoka kwa mswaki. Nikamulika na tochi ya simu mbele ya kioo: palipotakiwa kuwa na bonge jeusi la damu pana shimo tupu, na chini yake kitu cheupe. Ni mfupa.

Hilo ndilo tundu kavu. Damu inayoganda shimoni ndiyo kifuniko cha mfupa na neva, na ikitoka mapema utalia. Watu hukimbilia duka la dawa kununua amoksilini, lakini hapo shida siyo wadudu. Daktari aliosha shimo, akapachika kipande cha dawa kinachonukia karafuu kama jiko la pilau. Kinachotuliza humo ni yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Usiku ule nililala. Ila usijimiminie mwenyewe mafuta makali ya karafuu, yanaunguza fizi.

Wakati ananitibu ndipo aliponiuliza kama ninatumia vidonge vya uzazi wa mpango. Natumia. Kule nilikong'olewa hakuna aliyeuliza, na hilo bado linaniudhi, kwa sababu homoni zake huongeza uwezekano wa lile bonge kuyeyuka mapema. Usiviache kienyeji, mwambie daktari kabla, akupangie. Kwa meno ya kawaida, tundu kavu huwapata kama watu 2 hadi 5 katika 100. Kwa gego la chini lililolala ndani ya mfupa, idadi inaweza kufika hata 30. Ukiongeza fizi iliyowahi kuvimba na kutunga usaha, umri uliopita miaka 25, na mfupa uliolazimika kukatwa, hatari inazidi.

Na sigara. Hapa sibembelezi mtu: nikotini hubana mishipa ya damu, na ule uvutaji wenyewe unanyonya bonge. Shisha ni vilevile. Ukishindwa kuacha, jizuie angalau siku tatu, ingawa wiki ni bora. Mrija wa soda na kutema mate kwa nguvu navyo viache. Kusukutua kunasubiri saa 24, kisha nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya vuguvugu. Yaache yadondoke yenyewe kwenye sinki.

Kabla ya kukaa kwenye kiti, omba picha ya eksirei. Ndani ya taya la chini inapita neva ya mdomo na kidevu, na mizizi ikiigusa, kuna hatari ya ganzi kubaki. Mara nyingi hurudi hali yake baada ya wiki au miezi. Kwa wachache hairudi. Mwenye kisukari, anayemeza dawa za kuyeyusha damu au za kuimarisha mifupa, aseme mapema, na asisimamishe dawa kwa uamuzi wake.

Damu ikiendelea kutoka, ng'ata pamba safi ya hospitali kwa nguvu nusu saa bila kuchungulia. Lakini uvimbe ukishuka chini ya kidevu na kuwa mgumu, ukashindwa kumeza mate au kupumua vizuri, usingoje asubuhi. Nenda hospitali usiku huo huo.

La kushoto bado ninalo. Limeota wima, haliumi, na mswaki unalifikia. Uingereza, taasisi yao ya kutoa miongozo ya matibabu, NICE, ilishauri tangu mwaka 2000 kwamba gego la mwisho lisilo na ugonjwa lising'olewe, na daktari wangu naye kaniambia tuliache.