Mlipuko ukitokea, anza na daftari la ada

Kwa wenzetu mnaoanza kazi kwenye miradi ya malezi ya awali hapa Arusha: semina mtapewa, na mtafundishwa kunawa mikono, barakoa na kubandika mabango. Yote ni ya lazima. Ila vituo vingi vya kulelea watoto nilivyoona vikifa wakati wa korona vilikufa kwa kodi ya pango.

Kumbukeni mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 16, na alikuwa hapa hapa Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule zote kuanzia awali hadi kidato cha sita. Ilisemwa siku 30, lakini madarasa ya watoto wadogo yalikuja kufunguliwa Juni 29. Miezi mitatu na ushee. Sasa piga hesabu ya mama mwenye kituo Sombetini au Muriet: nyumba ya kupanga, walimu wawili watatu, dada wa kupika uji. Mtoto asipokuja, ada haiji. Mwenye nyumba yeye anakuja.

Na mjini kwetu shida ilikuwa na mkia mrefu. Wazazi wengi hapa wanakula kutokana na utalii: madereva wa safari, wapishi na wapagazi wa mlimani, wahudumu wa hoteli, dada wanaouza shanga. Ndege za kimataifa zilisimamishwa Aprili 12, zikaruhusiwa tena Mei 18, lakini ruhusa haikuleta wageni. Kwa hiyo hata milango ilipofunguliwa, watoto walirudi bila ada. Mtu wa mradi asiyelijua hili ataandika kwenye ripoti kwamba kituo "kimerejea katika hali ya kawaida", wakati mwalimu hajalipwa tangu Machi.

Ndiyo maana nasema, ukifika kituoni, omba kuona daftari la ada kabla ya kushusha katoni za sabuni. Aghalabu ni kaunta buku, majina kwa kalamu ya bluu, waliolipa wana tiki nyekundu. Kaeni chini na mama mwenye kituo mlisome pamoja. Utaona nani kalipa nusu, nani kaandikiwa "mwisho wa mwezi" mara ya tatu. Hapo ndipo utajua kama anahitaji fedha ya mishahara, barua ya kumwombea muda kwa mwenye nyumba, au kupangiwa wazazi walipe kidogo kidogo kwa siku. Mama lishe na bodaboda kulipa kwa siku wanaweza. Elfu thelathini kwa mkupuo hawawezi. Kuhusu mwenye nyumba, nenda na mwenyekiti wa mtaa. Maneno yale yale yakitoka kwa mwenyekiti yana uzito mwingine kabisa.

Usimsukume akope. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu, inafaa kukuza biashara inayotembea. Asiye na mapato mwezi huu ukimkopesha, umemuongezea mdai.

Walimu nao wapigiwe simu. Wengine watakuwa wamerudi kwao Karatu au Babati, wengine wanauza mboga soko la Kilombero. Mwalimu anayepokea hata posho ndogo na salamu kila wiki hurudi. Aliyesahaulika hupata kazi nyingine, na kituo huanza upya na binti asiyejua hata majina ya watoto.

Jambo linalowachanganya wageni ni nani anaamua. Kituo cha kulelea watoto mchana kinasajiliwa upande wa ustawi wa jamii, kwa Sheria ya Mtoto ya 2009. Darasa la awali liko chini ya elimu. Kwenye uwanja mmoja unaweza kukuta vyote viwili, bebi klasi huku na awali kule, na tangazo la wizara moja likamwacha mama hajui afunge wapi. Zungumza na afisa ustawi na afisa elimu kata, wote wawili, siku ile ile. Kwa kituo ambacho hakijasajiliwa, usitangulize fomu na kamera. Watakuficha watoto wenyewe.

Sasa ndoo. Niliwahi kuona ndoo nzuri zenye koki, zimepangwa juu ya stendi za chuma, koki iko kifuani mwa mtu mzima. Mtoto wa miaka mitatu anainua mikono, maji yanamtiririkia mpaka kwapani, analowa, siku ya pili hataki. Weka ndoo juu ya kreti ya soda, au tengenezeni kibuyu chirizi, yaani dumu la kuning'iniza linalomwaga maji likiinamishwa, cha urefu wake, na kipande cha sabuni kwenye soksi iliyofungwa kamba. Uliza pia nani anajaza maji, maana saa nne asubuhi ndoo huwa imeshakauka.

Barakoa za watoto wadogo msinunue. WHO na UNICEF walishasema mwaka 2020 kwamba wa miaka mitano kushuka chini wasilazimishwe. Na ukweli watazinyonya na kubadilishana.

Ugonjwa ukiwa mwingine, kazi nayo ni nyingine. Korona ilitaka madirisha wazi na makundi madogo. Surua inataka kadi za kliniki: pitia moja moja, tazama chanjo ya miezi 9 na ya miezi 18, aliyekosa apelekwe. Kipindupindu kinakurudisha chooni na jikoni, maji ya kunywa yachemshwe, na mtoto akiharisha aanze ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji, wakati mnampeleka zahanati. Sakafu na choo visafishwe kwa klorini ya asilimia 0.5, jiki ya asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji. Soma lebo kwanza, zinatofautiana. Mikono ya watoto ni sabuni na maji tu. Na jiki ya kupima ikiwa kwenye chupa ya soda, ihamishwe mara moja, mtoto asije akadhani ni soda.

Uvumi ukizidi, wazazi wapewe namba 199 ya Wizara ya Afya, ni bure.

Kituo kikikaribia kufunguliwa tena, nenda wiki moja kabla. Kagua stoo: unga wa lishe uliokaa tangu kufungwa usipikwe, na panya watakuwa wameshaonja.